Mpiga Simu na Chuma Laini

Kabla hajakuuliza habari za nyumbani, alikuwa ameshaligusa jembe lako. Hiyo ndiyo tabia yake ya kwanza ambayo watu wa Kaisho waliijua, na wengi hawakuipenda. Unaingia dukani kwake na mkuki, au kisu, au kengele ya ng'ombe, naye anatoa sumaku kwenye mfuko wa kizibao, anaigusisha, anatazama kama imeshika au imekataa, ndipo anasema, "Karibu. Wazima wote?"

Tulimwita Mpiga Simu. Jina hilo lilikuja naye kutoka pwani, wapagazi wa msafara wake ndio waliolitangaza, na hakuna aliyemwita vingine tena. Kwa miaka mingi hapakuwa na simu Kaisho, wala Mabira ninakokaa mimi, wala Nyakakika alikokuwa akienda kununua ngozi. Wengine wetu tulidhani simu ni aina ya ngoma, maana inapigwa. Yeye alikuwa muuza duka tu: nguo, chumvi, shanga, sindano, waya wa bangili na majembe ya Ulaya. Ukimuuliza habari za simu alijibu, "Ile kazi niliiacha," kisha anakuuliza kama mvua imenyesha kwenu.

Mimi ni mhunzi, kama baba yangu. Wakati Mpiga Simu anafungua duka nilikuwa nimeshaoa, na kiwanda changu kilikuwa na watu wawili wa kuvuta mivukuto. Nilimwendea mara ya kwanza kwa ugomvi. Majembe yake yalikuwa yameanza kuninyima wateja, na nilitaka kumwambia usoni. Nilibeba jembe langu moja, nikalitupa juu ya meza yake.

"Hili nimelitoa mwenyewe kwenye jiwe, nikalifua mwenyewe," nikamwambia. "Na la kwako limetoka kwa nani?"

Akagusisha sumaku kwenye jembe langu, ikashika. Akagusisha kwenye la kwake, ikashika.

"Sumaku haijui nani amefua," akasema. "Yote mawili ni chuma. Sasa tutazame tofauti."

Alichukua tupa akakwaruza la kwangu, akakwaruza na la kwake, akasikiliza sauti. Akaliweka la kwangu kati ya mawe mawili, akalikanyaga, likapinda. Akalinyoosha kwa nyundo, likarudi. La kwake hakulikanyaga. Akacheka akasema, "Hili langu lina makali zaidi, lakini likikutana na jiwe litavunjika. La kwako litapinda tu." Nikaondoka na hasira zangu, nikidhani amenidhihaki. Baada ya siku chache akaja mkulima kutoka vilimani, akaniambia ametumwa na Mpiga Simu. Shamba lake lilikuwa na mawe, na yule mtu alikuwa amekataa kumuuzia jembe la Ulaya.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mchoyo wa chumvi, akipima aliikung'uta ile kata mpaka punje ya mwisho irudi kwenye gunia. Lakini kumdanganya mtu juu ya chuma, hapana. Hakuweza hata pale uongo ungemfaa.

Palikuwa na mchuuzi mmoja mpita njia aliyekuja na bangili za njano, zinang'aa, na wanawake wa Kaisho wakamzunguka. Mpiga Simu alitoka dukani bila viatu. Akagusisha sumaku kwenye bangili ya kwanza, ikashika. Ya pili ikashika.

"Shaba haivutwi," akawaambia wale wanawake. "Iwe nyekundu, iwe ya njano, haivutwi. Wala risasi, wala fedha, wala bati halisi. Kinachovutwa ni chuma. Hizi ndani ni chuma, zimepakwa shaba kama mtu anavyopaka samli."

Mchuuzi akatukana kwa lugha yake, akafunga mzigo. Mpiga Simu akarudi dukani akiwa ameridhika sana, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kwa furaha ile ile alimsogelea bibi mmoja mjane aliyekuwa amesimama pembeni, akagusisha sumaku kwenye bangili ya mkononi mwake bila kuuliza. Ikashika. Naye akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Hata hii!"

Yule bibi akavuta mkono wake. "Mwanangu," akasema, "nilikuuliza?"

Bangili ile alipewa na marehemu mumewe. Hakutia mguu dukani tena, na salamu akamnyima. Mpiga Simu alihangaika. Mwishowe alikwenda kwake asubuhi na kipande cha nguo, akapiga magoti mlangoni, akasema shikamoo. Bibi alimwacha hapo mpaka akamaliza kumenya ndizi zake. Kisha akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na alipoipokea tukajua yamekwisha. Tangu siku hiyo aliomba ruhusa kwanza. Lakini kwa wanawake tu. Wanaume tuliendelea kuguswa.

Aliniambia kwamba chuma kina ndugu wawili, nikeli na kobalti, ambao nao huvutwa. Kobalti hakuwahi kuiona, aliisikia tu kwa Mdachi, Mjerumani aliyemfundisha kazi ya simu. Wakati sarafu nyeupe zenye tundu katikati zilipofika kwetu, alisema zina nikeli ndani, na wafugaji waliokuwa dukani wakataka kuona. Sumaku ikakataa. Wakamcheka sana.

"Nikeli imo," alisisitiza, masikio yamemwiva. "Ila imezidiwa na shaba. Ingekuwa peke yake ingeshikwa."

"Kama mke mmoja kati ya wake wengi," akasema mfugaji mmoja, na kicheko kikaanza upya. Mpiga Simu hakuweza kustahimili mzaha. Alifunga duka kabla ya adhuhuri.

Lakini kwangu alikuja, na alikuja mara nyingi. Alipenda kukaa kwenye kiwanda changu kuliko kwenye baraza lake. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, pombe hakugusa, na Kinyambo, lugha yetu, alikisema vibaya hadi mwisho. Alichanganya neno la ndama na neno la mkwe, na mke wangu alikuwa akiuma kanga asicheke. Alikaa kwenye gogo, mbali kidogo na moto, amefunika mfuko wa sumaku kwa kiganja. Moto ulimtia hofu kwa ajili ya sumaku ile. Alisema ikipata joto kali itasahau kazi yake, na kutoka hapo hadi Bukoba hakuna wa kuikumbusha.

Siku moja nilitoa kisu motoni, chekundu kabisa, nikamwambia kwa mzaha, "Haya, kijaribu na hiki." Nilidhani atakataa. Badala yake alifunga sumaku kwenye uzi mrefu, akaining'iniza karibu na kisu, si kwa kugusa. Haikusogea. Ilining'inia kama mbele ya mti.

Nikashangaa. "Si chuma hiki? Mimi mwenyewe nimekifua."

"Subiri," akasema.

Wekundu ukapungua, ukawa kama damu iliyokauka, na ghafla uzi ukapinda. Sumaku ikaanza kuelekea kisu, naye akaivuta haraka kabla haijashika.

"Chuma kikiwa chekundu sana hakivutwi," akasema. "Kikipoa kidogo kinavutwa tena. Niliambiwa, lakini sijawahi kuona. Leo nimeona."

Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine. Baba alinifundisha kujua kwa macho wakati wa kuchovya kisu majini ili makali yakae, na siku za mawingu macho yalinidanganya. Sasa nilikuwa na njia: uzi ukiacha kupinda, joto limefika, chovya. Tangu hapo, kila nilipokuwa na kazi ya visu vingi, nilimtumia habari, naye alikuja na uzi wake. Hakutaka malipo. Alitaka kuona tu.

Ndipo siku moja nikamuuliza tena habari za simu, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza habari za mvua. Akaniambia, "Nitakuonyesha, lakini nitafutie rubisi iliyochacha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu asiyegusa pombe anaomba pombe, tena iliyoharibika. Lakini mke wangu alikuwa na chungu cha rubisi kilichogeuka siki, nikampa. Akamimina kwenye vibuyu vilivyokatwa, akavipanga mstari mmoja. Ndani ya kila kibuyu alitia kipande cha shaba na kipande cha zinki alichokata kwenye bitana ya sanduku la nguo, akaviunganisha kwa waya kutoka kibuyu hadi kibuyu. Kisha alichukua waya mwembamba wa shaba, ambao alikuwa ameuvisha uzi wa pamba mwenyewe, jioni nyingi, mpaka hapakuwa na mahali pa wazi, akauzungushia kijiti cha chuma nilichomfulia mimi.

"Sasa shaba hii haivutwi," akasema. "Umeona?" Akaigusisha sumaku, ikakataa. "Na chuma chako si sumaku." Akakigusisha kwenye sindano, sindano ikalala palepale. Akaunganisha ncha za waya na vibuyu. Sindano ikaruka ikashika kwenye kijiti.

Mke wangu alirudi nyuma hatua moja. Mmoja wa wavuta mivukuto alitoka nje na hakurudi siku ile.

Mpiga Simu akainua ncha moja ya waya. Sindano ikaanguka. Akairudisha, ikashika. Akainua, ikaanguka.

"Hii ndiyo simu," akasema. "Basi. Kuna mtu Bukoba anagusisha waya na kuinua, na hapa kijiti kinashika ulimi wa chuma na kuuachia. Ta. Ta-ta. Unahesabu milio, unaandika neno."

Nikataka kujaribu mimi. Nikaona kijiti changu ni laini mno, nikamletea kipande cha tupa iliyovunjika, nikidhani chuma kigumu kitavuta kwa nguvu zaidi. Aliniacha nifanye. Sindano ikashika. Nikainua waya, sindano ikabaki imeshika. Nikaitikisa, ikabaki.

"Umeona," akasema. "Chuma cha pua kikifundishwa kuvuta hakisahau upesi. Kwa sumaku ya mfukoni ni kizuri. Kwa simu hakifai kitu, maana lazima kiachie. Simu inataka chuma laini, na chuma chenu ndicho laini kuliko chochote nilichokiona pwani."

Hayo yalikuwa miaka michache kabla ya vita.

Vita vilipokuja, Wadachi waliweka kambi kwenye kilima juu ya mto Kagera, wakisubiri Waingereza kutoka ng'ambo. Waya ulikuja na nguzo, ukapita juu ya migomba yetu. Watu walimwambia Mpiga Simu, "Sasa simu yako imekufuata." Nguzo zilipopita Kaisho aliacha kukaa barazani. Alihamishia kiti chake nyuma ya duka, upande usioonekana waya.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na kibanja cha migomba chini ya kile kilima. Alikuwa mtu wa maringo, mikono yote miwili imejaa bangili za waya hadi karibu na kiwiko. Siku moja askari walimkamata kwake, wakampeleka kambini amefungwa. Mke wake alikuja mbio kwangu. Alisema mashine ya kambini imenyamaza, bwana mkubwa amesema kuna mtu anaiba waya, na askari walipofuata nguzo wamekuta karibu na kibanja chao waya umeungwa, na mumewe ana waya mikononi.

"Waliunga wao wenyewe," akalia. "Mti uliangukia waya, wakaja wakaunga. Tuliwaona. Sasa wanasema atanyongwa."

Wakati ule mtu alinyongwa kwa kidogo kuliko hicho. Nilijua mtu mmoja tu niliyeweza kumwendea.

Mpiga Simu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Nikadhani atakataa, na sitasema uongo, wakati ule ningemchukia. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanzu safi na kofia, akafunga duka.

"Zile bangili nilimuuzia mimi," akasema. "Twende."

Kambini tulisimama juani muda mrefu. Shemeji alikuwa amekalishwa chini ya nguzo ya bendera, mdomo umevimba. Bwana mkubwa alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, macho yake ya njano kwa homa, na Kiswahili alikijua.

"Wewe ni nani?"

"Muuza duka wa Kaisho, bwana mkubwa. Huyu mtu hakuiba waya wako. Ukiniruhusu nitakuonyesha."

Akaruhusiwa. Akaomba kipande cha waya wa simu, askari akakileta. Akagusisha sumaku, ikashika, akainua mkono na waya ukaning'inia. Akaenda kwa shemeji. Alimwinamia, nikamsikia akisema polepole, "Naomba ruhusa, ndugu yangu." Akagusa bangili moja moja, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Hakuna hata moja iliyoshika.

"Waya wako ni chuma kilichopakwa zinki," akamwambia bwana mkubwa. "Hizi ni shaba tupu. Hazikutoka kwenye nguzo zako."

Bwana mkubwa alichukua sumaku mwenyewe, akarudia yote. Akamrudishia sumaku yake. Kisha akauliza swali ambalo, nadhani, Mpiga Simu alikuwa amelijua tangu anavaa kanzu.

"Muuza duka anajuaje waya wa simu ni chuma?"

"Niliwahi kuipiga, bwana mkubwa. Pwani."

"Miaka mingapi?"

"Mingi."

"Basi kama waya haukuibiwa, niambie kwa nini mashine imekufa. Ukiniambia, huyu anakwenda kwake. Usiponiambia, nitajua mnasaidiana."

Wakatuingiza kwenye hema. Mpiga mashine wao alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, anatetemeka, hajui yuko wapi. Mashine ilikuwa juu ya sanduku. Sikuwa nimewahi kuiona, lakini niliitambua: waya mwembamba uliovishwa uzi, umezungushwa kwenye vijiti viwili vya chuma, juu yake ulimi mdogo wa chuma. Mpiga Simu aliunganisha waya. Ulimi ukashuka, ta, ukabaki chini. Akatoa waya, ulimi bado chini. Akaupandisha kwa ukucha, ukashuka tena wenyewe.

"Mashine hii ilianguka?" akauliza.

Askari mmoja akasema ndiyo, mpagazi aliteleza nayo kwenye kinamasi, kijiti kimoja kikapotea kwenye matope, na fundi wa bunduki akatengeneza kingine.

"Kwa chuma gani?"

"Tupa," akasema askari.

Mpiga Simu akanitazama. Akakata unyasi kwa kipimo cha kijiti, akanipa pamoja na maelekezo. Nilikimbia kwenda Mabira.

Nilichukua jembe la zamani la marehemu baba, chuma cha kwetu kabisa, kilichotoka kwenye tanuri yetu. Nilikata, nikafua kijiti kwa kipimo alichonikatia kwenye unyasi. Kisha nikakipasha mpaka kikawa chekundu, na badala ya kukichovya nikakizika kwenye majivu kipoe taratibu, kama alivyonielekeza, kwa sababu maji yangekifanya kigumu. Huko kupoa ndiko kulikoniua. Nilikaa kando ya majivu nikiwaza shingo ya shemeji, na mkono wangu ulikuwa ukienda kwenye majivu wenyewe, na mke wangu aliushika akasema, "Acha. Amesema kipoe."

Asubuhi nilikuwa kambini. Wakati anakipachika kijiti, bwana mkubwa yuko nje, Mpiga Simu aliniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Aliongea huku anazungusha skrubu, bila kuinua kichwa.

"Kule pwani nilipokea neno moja. Niliandika kama nilivyosikia, nikampelekea bwana. Lilikuwa neno la kunyonga watu, na mmoja wao nilikuwa nasali naye safu moja. Ningeweza kuandika vingine, nikasingizia radi. Sikufikiri. Mkono uliandika. Kesho yake nikaomba ruhusa ya kwenda kumwona mama, nikajiunga na msafara wa kuja huku."

Nilimshikia taa ingawa kulikuwa na mwanga wa kutosha.

Akaunganisha waya. Ulimi ukashuka. Akatoa, ukapanda. Akaunganisha, akatoa, mara nyingi, haraka, ta-ta, ta, ta-ta-ta, na vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu, si vile vidole vizito vya kupima chumvi. Kisha akaondoa mkono, na mashine ikaanza kulia yenyewe. Ilikuwa Bukoba. Akachukua kalamu.

Bwana mkubwa alitimiza ahadi. Shemeji alifunguliwa, akarudi kwake, na bangili zote akazivua siku hiyo hiyo. Lakini Mpiga Simu hakurudi Kaisho. Mpiga mashine wao alikufa kwa homa, na Mpiga Simu akawekewa kitanda palepale. Nilimpelekea ndizi na maharage mara kwa mara. Aliniomba nimtunzie sumaku, nikamwambia aitunze mwenyewe. Kisha Waingereza wakavuka mto, Wadachi wakaondoka kwenda kusini, na yeye akatembea nao, mashine kichwani mwa mpagazi mbele yake na askari nyuma yake. Alipita barabara ya chini ya Mabira. Mke wangu alikimbia na mkungu wa ndizi za kuiva, askari akamrudisha. Mpiga Simu alinyanyua mkono tu.

Duka lake lilikaa limefungwa, kisha likavunjwa na watu, kisha paa likaanguka.

Vita vilikuwa vimekwisha na njaa iliyofuata imeshapita wakati alipotokea kwenye uwanja wangu. Nilikuwa nafua, nikasikia kikohozi. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, amevaa koti la kiaskari lisilo na vifungo. Amemshika mkono mtoto wa kike wa kama miaka sita.

"Hodi, mhunzi," akasema.

Nilimkumbatia kabla ya kumjibu. Mke wangu alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja, na wote walitaka kumgusa. Alikaa kwenye gogo. Mtoto alisimama kati ya magoti yake, anatutazama mmoja mmoja.

"Nilimkuta kando ya barabara, huko kusini, amekaa karibu na mama yake," akasema. "Mama alikuwa ameshakufa. Nikamwambia twende, akaja. Nimemuuliza jina, amenipa, ndilo ninalomwita. Kwao hapajulikani. Lugha yake nimejifunza kidogo. Kiswahili anakielewa."

Alikaa kwetu siku chache. Alikohoa sana, na kifua chake kilikuwa kikitoa sauti kama mivukuto iliyotoboka. Siku ya kuondoka alizungumza na mke wangu, si na mimi. Alikaa chini kwenye nyasi mbele ya mlango wetu, akasema, "Mama, mimi nakwenda Bukoba, kuna ndugu wa msikitini watanilaza. Sitakuwa mzigo kwa mtu muda mrefu. Lakini huyu anakua. Ameshazoea kusali na mimi asubuhi. Mkimwacha aendelee, nitashukuru. Msipomwacha, sitalaumu."

Mke wangu alizaa wanaume watupu. Alimtazama yule mtoto, akamwuliza kwa Kinyambo kama anataka maji. Mtoto hakuelewa. Mpiga Simu akataka kumfasiria, mke wangu akamzuia kwa mkono. Akaenda ndani, akaleta maji kwenye kibuyu, akayashika mwenyewe mdomoni kwa mtoto. Mtoto akanywa yote. Mpiga Simu akasimama, akasema, "Basi," akaenda.

Habari za kifo chake zilifika msimu wa kahawa uliofuata, zikiletwa na mchukuzi. Yule mtoto wakati huo alikuwa anasema Kinyambo kama sisi, na alikuwa akitwanga na mke wangu. Tulimwita tukamwambia. Hakulia. Alifikiri, kisha akaniuliza, "Baba, walimlaza ameelekea kibla?"

Mchukuzi hakujua. Mimi sikujua hata kibla ni upande gani. Ningeweza kumwambia ndiyo, yakaisha. Niliweka koleo chini, mke wangu akanifungia ndizi za kuchoma njiani, nikaenda Bukoba kwa miguu. Nilikuta watu wa msikitini, wakanipeleka kaburini, na mzee aliyemlaza akanionyesha kwa mkono kichwa kilipo na uso ulipogeukia. Nikamwuliza mara mbili ili nisikosee.

Nilirudi nikamwambia yule mtoto. Nikamwonyesha upande, kama nilivyoonyeshwa. Aliutazama upande huo kitambo, akasema, "Vizuri," akarudi kwenye kinu.